Kofia ya Kichwa, Siyo ya Trafiki

Mwezi huu katika ukurasa wetu tunataka kuzungumzia kitu ambacho wengi wetu tumewaachia wanaume na vijana, kana kwamba si cha nyumba yetu. Ni kofia ngumu ya pikipiki, ile ambayo mitaani huitwa helmeti, na wengine husema elementi.

Huenda mama mmoja akauliza, "Mimi sina pikipiki, kofia hiyo inanihusu nini?" Mama, inakuhusu sana. Tuchukue mfano wa Kaliua, mkoani Tabora. Kaliua ni mji wa njia panda: hapo ndipo reli iendayo Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma. Zamani misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita katika nchi hii ya Wanyamwezi kwa miguu. Leo abiria akishuka kwenye treni au basi na mzigo wake, anayempokea ni kijana wa bodaboda. Mama mjamzito aendaye kliniki, mwalimu aendaye shule ya kijijini, mkulima wa tumbaku atokaye Usinge au Ulyankulu, mwanakwaya aliyechelewa mazoezi, wote hupanda pikipiki. Na yule kijana anayeendesha ni mtoto wa nani? Ni wa kwetu.

Tena barabara zimebadilika. Lami imefika kutoka Tabora kupitia Urambo, nasi tunashukuru kwa hilo. Lakini lami ina mambo yake. Kwenye mchanga kijana alilazimika kwenda polepole. Kwenye lami anafungulia mafuta, huku malori na mabasi yakimpita ubavuni. Akianguka, kichwa kinakutana na kitu kigumu kwa mwendo mkali. Na kutoka Kaliua hadi hospitali ya mkoa ya Kitete, pale Tabora mjini, ni zaidi ya kilomita 100. Mtu aliyeumia ubongo hana muda wa safari hiyo. Kinga yake inapaswa kutoka naye nyumbani, ikiwa imefungwa kichwani.

Kofia za aina mbili

Ukisimama kando ya barabara kwa nusu saa utaona kofia za aina mbili. Ipo kofia ya trafiki, na ipo kofia ya kichwa.

Kofia ya trafiki hununuliwa kwa bei ya chini kuliko zote. Huning'inizwa kwenye usukani au hutiwa kiwikoni, na hupandishwa kichwani pale tu askari anapoonekana mbele. Mkanda wake haufungwi, na mara nyingi umekwisha kukatika. Kofia ya kichwa ni ile iliyochaguliwa kwa ajili ya kichwa cha mtu fulani, ikapimwa, ikakaa sawasawa, na hufungwa kila siku, trafiki awepo au asiwepo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu. Kanuni za mwaka 2010 nazo ziliipa bodaboda na bajaji nafasi ya kupewa leseni ya kubeba abiria. Sheria ipo. Lakini askari barabarani huona kofia tu. Haoni kama ndani yake kuna kinga au sponji tupu, wala kama inacheza kichwani kama sufuria juu ya jiwe moja. Wa kuyaona hayo ni mtu wa nyumbani. Sisi tunaopima miguu ya watoto kwa uzi tunapokwenda kuwanunulia viatu, hatushindwi kupima kichwa.

Kofia inafanya kazi gani?

Kila mama aliyewahi kujitwisha ndoo ya maji anaijua ngata. Hatuweki ndoo juu ya kichwa kitupu. Tunakunja kanga au majani, tunaweka katikati, ndipo tunajitwisha. Ngata haipunguzi uzito wa ndoo, ila inausambaza ili usiume mahali pamoja. Kofia nzuri ya pikipiki ina ngata yake ndani.

Kofia hiyo ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda la nje, ambalo ni gumu na laini juu, ili kichwa kiteleze kwenye lami badala ya kukwama. Ya pili ni povu gumu, kwa kawaida jeupe au jeusi, linalofanana na lile linalofungwa pamoja na televisheni mpya ndani ya boksi. Ya tatu ni sponji na kitambaa kinachogusa ngozi. Ya nne ni mkanda wa kidevuni.

Wengi hudhani kinga ni ganda, au ule ulaini wa sponji. Kinga kubwa ni povu gumu. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Kichwa kinapogonga barabara, fuvu husimama ghafla, lakini ubongo unaendelea na safari yake na kujigonga kwenye ukuta wa fuvu. Povu linapobonyea huupa ubongo nafasi ya kupunguza mwendo kidogo kidogo. Ni kama yai lililodondoka: likiangukia sakafu ya saruji linapasuka, likiangukia mto wa pamba linaweza kupona.

Basi, kofia yenye ganda la plastiki na sponji tu, bila povu gumu, ni kama kujitwisha ndoo bila ngata. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali na kuzichapisha pamoja mwaka 2008 walikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Si kinga ya kila kitu, lakini katika nyumba yenye watoto wanaomtegemea baba mmoja, asilimia hizo si ndogo.

Elimu hii haikuja bure. Mwaka 1935 huko Uingereza, T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi aliyejulikana sana, alianguka na pikipiki bila kofia, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtibu alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Aliwachunguza wanajeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake akionyesha umuhimu wa kofia. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake wavae kofia. Kofia zenye tabaka la ndani la kubonyea zilikuja baadaye. Mmarekani Charles Lombard alipewa hataza ya ubunifu wake wa namna hiyo mwaka 1953. Unaposhika kofia nzuri dukani, umeshika matunda ya misiba ya watu wengi.

Alama ya kweli

Sasa tuingie dukani. Kofia zote zinang'aa, zote zina picha nzuri, na muuzaji anasema zote ni imara. Tutajuaje?

Kwanza tutafute alama ya ubora. Hapa nchini Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye kazi ya kusimamia viwango vya bidhaa. Tuulize kama kofia imethibitishwa, na tuombe risiti yenye jina la duka. Muuzaji mkweli hakasiriki kuulizwa.

Kofia nyingi hutoka nje ya nchi, nazo huja na alama za huko. Zifuatazo ndizo zinazofaa kujulikana.

Alama ya kwanza ni herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyoithibitisha kofia. E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E3 ni Italia, E4 ni Uholanzi, E9 ni Hispania, E11 ni Uingereza. Chini au kando ya duara kuna namba ndefu. Ikianza na 05 au 06, hiyo inaonyesha toleo la kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22, na toleo la 06 ndilo jipya zaidi, la mwaka 2021. Baada ya namba hiyo kuna herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imethibitishwa kuwa kinga. J ni kofia isiyofunika kidevu. NP ni kofia ambayo kipande chake cha kidevuni si kinga, hata kama kinaonekana kigumu. Alama hii hushonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Ukiikuta ni stika tu iliyobandikwa nyuma, wala hakuna kitambaa kilichoshonwa mkandani, uwe na mashaka.

Alama ya pili ni DOT, ya Marekani, ambayo huwekwa nyuma ya kofia. Lazima iandikwe pamoja na maneno FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED. Akina mama, tuangalie sana hapa. Kwa utaratibu wa Marekani, mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba kofia yake imefikia kiwango, kisha serikali hununua baadhi madukani na kuzipima. Kwa hiyo stika yenye herufi tatu peke yake ni rahisi kuigiza. Ikibanduka kwa kucha, isituliwaze.

Alama ya tatu ni ISI, ya India, yenye namba IS 4151. India ilikataza kuanzia Juni 2021 kuuza kofia za pikipiki zisizo na alama hiyo.

Kofia iliyopata alama ya kweli imepitia mateso kabla ya kufika kwako. Katika kipimo cha Umoja wa Mataifa, kofia huangushwa ikiwa na kichwa cha bandia ndani yake juu ya chuma bapa, na tena juu ya chuma chenye umbo la ukingo wa barabara. Mwendo mmoja wa kipimo hicho ni mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita tatu. Mkanda nao huvutwa kwa nguvu kuona kama utakatika.

Kama alama hazisomeki, macho na mikono yako vinaweza kusaidia. Vuta kitambaa cha ndani pembeni, utazame kama kuna povu gumu, lenye unene wa kama sentimita mbili na nusu, na liwepo kuzunguka kichwa chote. Ipime kwa mkono: kofia nyingi za kweli hufikia kilo moja au zaidi, na kofia nyepesi kama bakuli la plastiki haina kitu ndani. Mkanda uwe umefungwa kwa ribiti za chuma kwenye ganda, usiwe umegundishwa kwa gundi. Na kofia ya fundi ujenzi, au ya mwendesha baiskeli, si kofia ya pikipiki hata kidogo.

Tupime kichwa

Kofia yenye alama zote lakini isiyokutosha itakuacha njiani. Ikiwa pana, itaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Chukua futikamba ya fundi cherehani. Izungushe kichwani, kidole kimoja juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio, hadi pale kisogo kinapochomoza zaidi. Pima mara tatu, uchukue kipimo kikubwa. Kama huna futikamba tumia uzi, kisha uulaze kwenye rula ya mtoto wa shule. Kwa kawaida sentimita 53 hadi 54 ni XS, 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, na 61 hadi 62 ni XL. Viwanda hutofautiana, kwa hiyo namba ni ya kuanzia tu. Uamuzi unatolewa na kichwa chenyewe.

Dukani tufanye hivi:

1. Shika mikanda miwili, uivute nje, kisha uvae kofia. Ikae sawa, isielekee nyuma kama kofia ya jua. Ukingo wake wa mbele uwe juu kidogo ya nyusi.

2. Mashavu yabanwe kidogo. Kofia mpya inayofunika uso ikikutosha, ukizungumza utajisikia kama mtu mwenye chakula mdomoni. Hiyo ni sawa, maana sponji hulegea kwa kuvaliwa. Kofia iliyo starehe sana siku ya kwanza itakuwa pana baada ya miezi michache.

3. Shika kofia kwa mikono miwili, uizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso iende pamoja nayo. Kofia ikizunguka peke yake, chukua ndogo zaidi.

4. Funga mkanda. Vidole viwili tu vipite kati ya mkanda na koo. Sasa mwambie mwenzako aishike kofia kwa nyuma, chini kabisa, aisukume kwenda juu na mbele polepole. Ikivuka kichwa na kutoka, irudishe kwenye kabati la muuzaji, hata kama ni nzuri namna gani.

5. Kaa nayo kichwani dakika kumi na tano, huku mkizungumza bei. Ikibana pande zote sawasawa, ni nzuri. Ikiuma mahali pamoja, hasa kwenye paji la uso, umbo lake si la kichwa chako. Jaribu aina nyingine, si kubwa zaidi.

Muuzaji akikataza kujaribu, tumwage kwa upole tuende duka jingine. Na mnunuzi asitumwe peke yake kumchukulia mwingine kofia. Kichwa kinachovaa ndicho kinachokwenda dukani.

Kuhusu aina, kofia inayofunika uso mzima hukinga pia taya na meno. Ile iliyo wazi mbele ina hewa zaidi, lakini kidevu kinabaki bila kinga. Kuhusu rangi, chagua nyeupe au nyingine ing'aayo. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wenye kofia nyeupe walikuwa na hatari ndogo ya kupata ajali, kwa asilimia 24, kuliko wenye kofia nyeusi, maana walionekana mapema. Kioo cha mbele kiwe angavu. Kioo cheusi usiku ni upofu.

Nywele, harufu na joto

Tunajua sababu za akina mama. Tunazisikia kila siku, nasi hatuzidharau.

Ya kwanza ni nywele. Mama amesuka, amelipa fedha yake, hataki kuharibu. Lakini kofia iliyokaa juu ya fundo la rasta haikukaa kichwani, imekaa juu ya nywele. Rasta zishushwe zifungwe chini, nyuma ya shingo. Wigi livuliwe litiwe mkobani, na herini kubwa vivyo hivyo. Kilemba kikubwa kifunguliwe. Mtandio mwepesi wa mkunjo mmoja hauna neno. Unapokwenda kununua, nenda na nywele kama unavyozivaa siku nyingi.

Ya pili ni harufu na magonjwa ya ngozi. Kofia ya abiria kwenye bodaboda huvaliwa na watu wengi kwa siku, na mama msafi huona kinyaa. Ana haki. Dawa yake ni kitambaa chepesi kisafi cha kuweka ndani mkobani, kivaliwe kwanza kabla ya kofia. Dawa bora zaidi ni kuwa na kofia yako mwenyewe. Kofia ya abiria kwa kawaida ni moja kwa vichwa vyote, na kichwa cha mama mwembamba si cha baba mnene. Wanaopanda pikipiki kila siku, kama walimu na wauguzi, wanunue zao. Na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo vimekwisha kununua viti na masufuria ya sherehe, vinaweza kuwanunulia wanachama kofia kwa zamu, mmoja mmoja.

Ya tatu ni joto. Kweli, mwezi wa Septemba na Oktoba kabla ya mvua, jua la Tabora ni kali. Tafuta yenye matundu ya hewa na ya rangi nyeupe.

Ya nne ndiyo hatari zaidi: "Naenda hapo tu." Lori halijui kwamba unakwenda hapo tu.

Na watoto wetu?

Hapa tuzungumze kama dada kwa dada. Tumeona mishikaki: baba mbele, mtoto kwenye tangi la mafuta, mama nyuma na mwingine mgongoni. Baba ana kofia, wengine hawana. Askari wa usalama barabarani wamekuwa wakikumbusha kwamba mtoto wa chini ya miaka tisa haruhusiwi kubebwa kwenye bodaboda, na mwenye kuelewa mwili wa mtoto anaona sababu. Shingo ya mtoto mchanga haiwezi kubeba uzito wa kofia, na miguu ya mtoto mdogo haifiki kwenye vikanyagio.

Kumvika mtoto kofia ya mtu mzima si kumkinga. Inazunguka, inamfunika macho, na akianguka mkanda unaweza kumkaba au kofia ikatoka. Kwa watoto wadogo tutafute bajaji, basi, au tutoke mapema tutembee. Kwa aliyekua, mwenye kufikisha miguu, kofia ni ya kipimo chake, naye apimwe upya kila mwaka kama tunavyopima viatu. Asiwe na kofia ya "atakuja kuijaza".

Kuitunza

Povu la kofia hufanya kazi mara moja. Likibonyea halirudi, kama kopo lililokanyagwa. Kwa hiyo kofia iliyokuwa kichwani wakati wa ajali haivaliwi tena, hata kama ganda halina ufa. Ikatwe mkanda ili asiiokote mwingine. Na aliyeanguka aonwe na daktari, hata akijiona mzima. Akitapika, akisinzia ovyo au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kwa sababu hiyohiyo tujihadhari na kofia za mitumba. Shati la mtumba likifuliwa na kupigwa pasi limepona. Kofia ya mtumba haisemi ilianguka wapi. Watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka kama mitano; tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa ndani.

Usiisafishe kwa petroli, mafuta ya taa wala thina, na usiipake rangi ya nyumba, kwa kuwa vitu hivyo vinaweza kuozesha ganda na povu. Sabuni ya kawaida na maji yanatosha. Kitambaa cha ndani kama kinatoka, kifue, kikauke kivulini. Isiwekwe karibu na jiko, isikaliwe, wala isitumike kubebea nyanya na mayai kutoka gengeni.

Tumwambieje baba?

Katika nyumba nyingi za Kaliua fedha kubwa huingia mara moja kwa mwaka, tumbaku inapouzwa. Ndipo pikipiki mpya zinaponunuliwa. Wakati huo ndio wa kuzungumza, na siyo baada ya fedha kwisha. Mama achague saa nzuri, baba akiwa amekula na kupumzika, aseme kwa heshima: "Baba Neema, naomba katika hesabu ya pikipiki tutie na kofia mbili, yako na yangu, tukazijaribu pamoja." Asiseme kama anayelaumu. Mwanaume anayeambiwa kwamba nyumba inamhitaji husikia vizuri kuliko anayeambiwa kwamba hana akili.

Na kwa kijana wetu wa bodaboda, kofia imara ni chombo cha kazi kama jembe. Abiria wa kike huchagua kijana anayewapa kofia safi na kuendesha kwa utulivu. Mwambieni hivyo wenyewe, mlio abiria wake: "Mwanangu, leo nimekuchagua kwa ajili ya kofia." Neno hilo litasambaa kijiweni kuliko hotuba.

Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu sura ya 22, ajengaye nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Ukingo huo ulijengwa kabla mtu hajaanguka. Aliyeujenga hakumjua angemwokoa nani.

Kazi ya mwezi huu, akina mama, ni ndogo. Chukueni futikamba, pimeni vichwa vya wote wanaopanda pikipiki nyumbani mwenu, mwandike namba kwenye daftari la matumizi. Kisha ileteni kofia iliyopo, mtazame ndani yake kama kuna povu, mtazame mkanda, mjaribu kuisukuma kutoka nyuma. Mkikuta ni kofia ya trafiki, anzeni kuweka akiba kidogo kidogo ya kofia ya kichwa.

Tuonane mwezi ujao. Safari njema, na mikanda ifungwe.